Monita Iliyotulia Mbele ya Wageni

Siku hizi skrini ikianza kucheza mnaing'oa, mnaweka nyingine, mnaendelea na chai yenu. Siwalaumu. Skrini za sasa ni nyembamba kama sinia na ndani yake hakuna cha kushika. Lakini kwenye ile sherehe ya kuniaga mmoja wenu alisimama akasema fundi mkuu atuachie ujuzi wake, wote mkapiga makofi, kisha mkakimbilia wali. Sasa niko nyumbani Hamugembe, migomba imekwisha kupaliliwa, na mke wangu amechoka kuniona nikizungukazunguka uani. Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vya kwangu havina hadithi.

Kazi niliianzia Bukoba mjini, katika kibanda cha redio cha Mzee Athumani, karibu na soko. Babu yake alitoka pwani. Yeye mwenyewe pwani alikuwa hajawahi kuiona, lakini ukimuudhi ungedhani ameshuka melini jana. Siku yangu ya kwanza alinipa redio kubwa ya valvu ambayo mwenyewe alisema inakatikakatika. Nikashika bisibisi.

"Wee! Nani kakwambia ufungue?"

"Si imeharibika, mzee?"

"Umeiona ikiharibika?"

"Hapana."

"Basi keti uingoje. Ukifungua kabla hujaliona kosa, utatengeneza kitu kizima, na kile kibovu kitabaki kinakucheka."

Nikaketi asubuhi yote mbele ya redio kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati. Ilipokatika nilifurahi mpaka nikapiga kelele, naye hakuinua hata kichwa. Alisema tu, "Haya, sasa fungua."

Jambo la pili alilonifundisha ni mkono mmoja mfukoni. Ukigusa kitu chenye umeme mkali, mkono mwingine uwe mfukoni. Umeme ukikupiga mkono mmoja utaruka, utatukana, utarudi kazini. Ukiingilia mkono huu ukatokea mkono ule, njia yake ni moyoni. Nimewaona ninyi mkifungua vifaa vya umeme kwa mikono miwili huku mnaongea na simu imebanwa begani, na Mungu anawahurumia kwa sababu anazozijua mwenyewe.

La tatu lilikuwa la mdomo. Mzee Athumani alikataza kabisa kumwambia mteja kwamba chombo chake hakina kosa. "Sema hujaliona," alisema. "Wewe ni nani hata uape kwamba halipo?" Nilidhani ni ukorofi wa uzee tu.

Vita vya Kagera vilipoanza, watu walitaka redio kuliko chumvi. Kila mtu alitaka habari, hata aliyekuwa akiisikia mizinga kwa masikio yake mwenyewe. Hali ilipokuwa mbaya tulizifunga redio za wateja kwenye mablanketi tukahamia Muleba kwa shangazi yangu, tukaweka meza barazani. Huko ndiko nilikojifunza ufa. Redio za askari zilikuwa zikifa kwa mtikisiko wa malori. Ile risasi ya kulehemu, inayoshikilia miguu ya vifaa ndani ya redio, inapasuka ufa mwembamba kuliko unywele. Redio ikiwa baridi, ufa umefunga na wimbo unaimba. Ikipata joto ufa unafunguka, kimya. Askari anaipiga kofi, inaimba tena, naye anajiona fundi. Ukitaka kuujua ufa huo, iache redio ipate moto, kisha gongagonga taratibu kwa mpini wa mbao.

Vita vilikwisha, tukarudi mjini. Kisha ukaja ugonjwa. Mwanzoni tuliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo walizovaa wafanyabiashara, kwa kuwa wao ndio walioanza kukonda. Baadaye hakukuwa na haja ya jina, ulisema "ule ugonjwa" na kila mtu akaelewa. Pale kibandani tuliujua kwa rafu. Mtu alileta redio, tukaitengeneza, asirudi. Tunaipangusa vumbi, tunangoja. Siku moja anakuja mdogo wake au mama yake kuiulizia, na uso wake unakwambia yote. Tulijifunza kutouliza. Mzee Athumani alikuwa akiiwasha kwanza, asikie kama inaimba vizuri, ndipo anampa mama wa watu na kumsindikiza mpaka barabarani. Yeye mwenyewe alikufa kwa uzee wake, jambo ambalo miaka ile lilikuwa kama heshima.

Ndipo mashirika yakaja Kagera, nayo yakaja na kompyuta. Shirika moja liliniajiri nihudumie ofisi zake za Bukoba na Muleba, likanipeleka Dar es Salaam kwa mafunzo. Mwalimu wetu alituambia kompyuta ni kitu kipya kabisa, tusahau yote tuliyoyajua. Nilipofungua monita ya kwanza nikakuta transfoma, kapasita, risasi ya kulehemu, na umeme mkali kuliko wa redio yoyote. Nikatia mkono mmoja mfukoni. Mwalimu alidhani nina maringo.

Monita za wakati ule, ninyi wadogo hamkuziwahi, zilikuwa kubwa na nzito, zimebeba kisogo nyuma. Mgongoni zilikuwa na matundu ya kutolea joto. Zilitunzwa kuliko watu. Chumba cha kompyuta kilikuwa na pazia na kufuli, na viatu unavua mlangoni kama unaingia msikitini. Kila idara ilikuwa na imani yake: wengine walikataza maji, wengine walikataza kukohoa.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe.

Ofisi yetu ya Muleba ilikuwa ikiwatafutia ndugu watoto walioachwa na wazazi. Kompyuta ilikuwa moja, na aliyeitumia ni mama mmoja tuliyemwita Ma Adventina. Alikuwa mjane. Mumewe alizikwa mwaka uliotangulia, na kila mtu alijua kwa nini. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye mikono myepesi kwenye vibonye, na alikulia katika nyumba ya adabu ya Kihaya: mgeni akiingia, hata ofisini, yeye anashuka chini kidogo kwa magoti kumwamkia, "Kasinge, waitu," na maamkizi hayaishi mpaka ameuliza habari za nyumbani kwako hadi kuku.

Ujumbe wake ulifika Bukoba kwa redio ya upepo, ile ya kuitana ofisi kwa ofisi. Monita inacheza. Nikapanda gari la ofisi, barabara ya vumbi na mashimo wakati ule, nikafika nikiwa na rangi ya udongo.

Alinipokea kwa heshima zote. Juu ya monita kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mikono yake mwenyewe, kizuri kweli. Alikiondoa, akakikung'uta, akakitandika kwenye kiti changu ili nisikae kwenye ubao mtupu. Akaniamkia. Akatoka, akarudi na akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kisahani. Mgeni wa Muhaya hashiki bisibisi kabla ya kahawa. Nikatafuna, nikaulizwa habari za mke wangu na za migomba. Kisha nikageukia monita.

Imetulia kama maji kwenye mtungi.

Nikakagua waya wa nyuma, pini zote zimenyooka. Nikakaza skrubu. Nikasogeza mbali stabilaiza, ile ya kusawazisha umeme, kwa kuwa transfoma yake ikikaa karibu na monita inaweza kuitetemesha picha. Nikaketi kama nilivyofundishwa. Niliketi mpaka dereva akaanza kupiga honi. Hakuna kilichocheza. Nikaondoka.

Haukupita muda, ujumbe mwingine. Inacheza. Safari hii nilibeba waya mpya na mita ya kupimia umeme. Kitambaa kitini, magoti, kahawa, kuku. Monita ikanitazama bila hata kupepesa. Umeme mzuri, waya mzuri. Mratibu wa ofisi, bwana mmoja mwenye roho nzuri aliyekuwa amechoka na misiba, akanivutia kando.

"Fundi, niambie ukweli. Mashine ina kosa au haina?"

"Sijaliona, Mratibu."

"Yaani halipo."

"Nimesema sijaliona."

Akapumua. "Mwenzetu haoni vizuri. Sote tunajua. Kila akituita tukaangalie, tunakuta imetulia. Nimetafuta mwingine, ataanza Jumatatu, huyu mama akapumzike. Si kumfukuza, Fundi. Akapumzike."

Kupumzika. Miaka ile neno hilo lilikuwa na jeneza ndani yake. Wenzake walikuwa wamekwisha kumtengea kikombe chake, wakisema ni kwa usafi. Tulikuwa tumemzika kwa midomo naye bado anapiga chapa.

Nikiwa nafunga mkoba wangu, Ma Adventina akaja mlangoni.

"Fundi, unanificha. Ni macho yangu, eti?"

"Mimi sijui macho, mama. Najua monita."

"Baba Alinda alianza hivihivi. Alisema taa inacheza. Mimi nikamwambia taa haichezi. Ilikuwa haichezi kweli." Alisema bila kulia, kama anayenisomea ujumbe. "Alinda nimempeleka kwa dada yangu Kagoma, na godoro lake. Ni mtoto wangu wa pekee. Nimeona hapa ofisini yanavyowapata wanaohamishwa siku ya mazishi. Heri azoee mapema, mimi nikiwa bado namwona."

Nilimwambia nitarudi, na njia nzima nilikuwa nimekasirika, sijui na nani. Na monita, nadhani.

Siku chache baadaye nilitumwa visiwani, huko huko wilaya ya Muleba, kutengeneza redio ya upepo ya zahanati. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Lakini wavuvi waliotoka kila kona ya ziwa waliposikia kuna fundi, wakaniletea redio kaseti zao zote, na wachuuzi wa dagaa wakanikalia shingoni mpaka nikazimaliza. Nilirudi nchi kavu Ijumaa, nimelowa mpaka kiunoni na ninanuka dagaa kiasi kwamba hata mbuzi walinipisha. Nikapata lifti hadi Muleba, nikapita ofisini kuuliza kama kuna gari la kwenda Bukoba. Sikwenda kama fundi. Hakuna aliyenitarajia, na mkoba wangu niliuacha barazani.

Mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nikavua viatu, nikasimama kizingitini. Ma Adventina alikuwa amenipa mgongo, anaandika, uso ameusogeza karibu na kioo kama anayepuliza moto jikoni.

Skrini ilikuwa inacheza.

Ilicheza hasa! Herufi zilitetemeka, picha ikajikunja pembeni, ikafifia, ikarudi. Naye alikuwa akingoja itulie, anaandika neno, anangoja tena, kwa subira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wala kwa punda. Na juu ya monita, kikifunika matundu yote ya mgongoni, kulikuwa na kile kitambaa cheupe.

Akahisi mtu, akageuka, akanyanyuka. "Yee, Fundi! Umelowa! Karibu ukae, waitu." Na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kitambaa, anitandikie kiti.

"Usikiguse!"

Nilipiga kelele mpaka akashtuka. Maskini, alidhani namkemea kwa sababu ya ugonjwa, kwamba sitaki kukalia kitu alichokishika. Niliona uso wake ukianguka.

"Hapana, mama, hapana. Kiache palepale. Nitasimama. Acha na kahawa. Tusiamkiane."

Tukasimama wawili tunaitazama. Ikatulia kidogo, kisha ikacheza tena, mistari ikapita kutoka juu hadi chini.

"Unaiona?" akaniuliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Naiona."

"Unaiona kweli, au unanihurumia?"

"Mama, inacheza kama senene kwenye ndoo. Naiona kwa macho yangu mawili."

Akaketi. Kwenye ubao mtupu, bila kitambaa.

Mnajua tayari, lakini nitasema. Monita ile ililetwa kutoka Bukoba kwa barabara ile ile ya mashimo, ikapata ufa kwenye risasi kama redio za askari. Ilipofunikwa ilipata moto, ufa ukafunguka, picha ikacheza. Alipokuja mtu yeyote, Ma Adventina kwa malezi yake aliondoa kitambaa chake kizuri akamtandikia mgeni, kisha magoti, kahawa, na habari za kuku. Kufikia hapo monita imepoa, ufa umefunga. Nisingeligundua hata ningekaa wiki nzima. Mara mbili nilikuwa nimelikalia kosa lenyewe, tena nimelikalia kwa starehe. Nadhani Mzee Athumani kaburini alikohoa.

Nikanyoosha mkono kuzima ili nianze kazi. Akanishika kiganja.

"Usiizime kwanza. Waje waone."

Akatoka mlangoni akaita. Mama yule ambaye sauti yake hukuisikia hata alipocheka, aliita mpaka wa jengo la jirani wakachungulia. "Mratibu! Njooni! Wote njooni!" Wakaja, wakavua viatu, karani, mhasibu, mlinzi, na Mratibu nyuma yao. Akawazuia wasimwamkie. Akawapanga mbele ya monita kama picha ya harusi, akamwuliza kila mmoja kwa zamu, "Unaona nini?"

"Inacheza," akasema karani.

"Wewe?"

"Inacheza, Ma Adventina."

Mlinzi akasema inacheza vibaya sana, akaonekana kufurahi kuulizwa. Mratibu aliitazama muda mrefu kuliko wote. Kisha akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Inacheza. Nisamehe, mama." Naye akamjibu, "Si kitu, Mratibu. Hata mimi nilikuwa upande wenu."

Hapo nilizima. Nikafuata mkoba wangu, nikafungua mgongo wa monita, nikaondoa umeme uliobaki kwenye kioo kwa waya na bisibisi, maana monita iliyozimwa bado inaweza kukurusha mpaka ukutani. Mkono mmoja mfukoni, ingawa mfuko wenyewe ulikuwa umejaa maji ya ziwa. Ufa ulikuwa pale nilipoutarajia, duara jembamba kuzunguka mguu wa kifaa kimoja. Nikaulehemu upya kwa dakika chache tu. Nikafunga, nikawasha, na nikamwambia aifunike kwa kitambaa, tuone. Tukangoja mpaka ikawa na moto wa pasi. Herufi hazikutikisika. Kisha nikakiondoa kitambaa mwenyewe, nikampa mkononi, nikamwambia kuanzia leo kazi yake ni kiti, juu ya mashine asikirudishe.

Najua mtauliza kama alikuwa na ule ugonjwa au hakuwa nao. Hata mimi nilijiuliza. Dawa zilipokuja, miaka mingi baadaye, alikwenda kupima kama wengi wetu tulivyokwenda, na majibu yake ni yake. Ninachojua ni kwamba yule aliyekuwa aanze Jumatatu alipewa kazi nyingine, na Ma Adventina aliitumia monita ile mpaka ikapitwa na wakati. Kwenye sherehe yenu ya kuniaga, yule bibi wa mstari wa mbele aliyekataa kuvaa miwani kusoma kadi ndiye yeye. Mlimpa kiti cha plastiki.

Lakini siku ile ya Ijumaa haikuishia kwenye monita. Gari la Bukoba lilipatikana, nikapanda nyuma peke yangu na harufu yangu. Kabla dereva hajaondoa, Ma Adventina akatoka mbio, viatu mkononi, hata kuvivaa alisahau. Alikuwa ameomba ruhusa kwa Mratibu. "Mnishushe Kagoma," akasema, akapanda.

Tulipofika Kagoma akashuka, akapotea kwenye migomba. Dereva alikuwa na haraka zake, lakini naye alikuwa amesimama mbele ya monita na wenzake, basi akazima gari akangoja. Baada ya muda wakatokea. Mbele anatembea msichana mdogo mwenye sare ya shule, nyuma mama yake na godoro kichwani, limefungwa kwa kamba za migomba. Wakavuka barabara kwenda upande wa magari ya Muleba. Nikaruka chini kumsaidia kulitua.

Mtoto alikuwa akimtazama mama yake machoni kwa uangalifu, kama mtu anayepima kina cha maji.

"Mama, macho yamepona?"

"Hayakuwa yanaumwa," akamwambia. "Shika huo upande wa godoro, tunarudi nyumbani."